Mhojiwa wa Saba

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa, saa mbili na robo asubuhi. Fundi bomba anaikumbuka saa hiyo kwa sababu alikuwa amelala chali chini ya sinki la choo cha wanawake, ghorofa ya nne, maji yakimdondokea kifuani, na redio ya simu yake ilikuwa inasoma habari. Waziri mmoja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema kwamba hali ni shwari.

Choo chenyewe kilikuwa cha Idara ya Jinsia na Masuala ya Wanawake. Mlangoni palikuwa na bango la mwanamke aliyeinua ngumi, na chini ya ngumi palikuwa na kitasa. Ufunguo ulikaa kwenye mkoba wa mkuu wa idara. Kitasa kile alikipachika fundi mwenyewe kwa amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi, kwamba watu wa usafi wasitumie vyoo vya wafanyakazi wa chuo. Waoshe, wapanguse, wabadilishe karatasi, watoke. Wakibanwa, wavuke barabara waende kituo cha mafuta. Ndizo akili za wakubwa hizo. Ukijaribu kuzielewa utapasuka kichwa bure.

Binti yake aliingia anahema.

"Baba, wamelirudisha faili."

"Faili gani?"

"La tasnifu yangu. Hebu toka huko chini nikuone uso."

Alitoka, akakaa sakafuni, spana mkononi. Binti huyu ndiye mwanawe wa pekee, na alikuwa mwaka wa mwisho katika idara hiyohiyo. Siku alipoichagua, mafundi wenzake walimcheka fundi mpaka mmoja akapaliwa na chai. "Mwanao ni mwanamke tayari, anasomea nini tena? Au anarudia darasa?" Fundi alicheka nao. Jioni akaenda nyumbani, akamwuliza binti swali lilelile. Binti akamjibu kwa swali: "Baba, mama alikuwa anakwenda choo wapi akiwa kazini?"

Hakujua. Yeye na mkewe walifanya kazi jengo moja miaka tisa, yeye na bomba, mkewe na ufagio, na hakujua. Tangu jioni ile hakucheka tena.

Kwa hiyo tasnifu ilihusu hilo: wanawake wanaosafisha vyoo wasivyoruhusiwa kuvitumia. Binti aliwahoji kumi na mmoja, akaandika kurasa tisini. Alitakiwa kuitetea siku hiyo saa nane mchana mbele ya jopo.

"Ofisi ya maadili ya utafiti inasema watu wangu hawajathibitishwa," binti alisema. "Wanataka muhuri wa mwajiri wao, kabla ya saa nane."

"Faili lina muda gani kwao?"

"Miezi minne."

"Na wameona leo?"

"Lilikuwa chini ya mafaili mengine."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali polepole, kama mtu anayejizuia asimpige mtu asiyekuwepo. "Usipoupata?"

"Wataandika nimebuni watu. Ukibuni watu, baba, huambiwi urudie mwakani. Unafutwa."

Alimnyang'anya orodha ya wahojiwa aliyokuwa ameishika. Kule kampuni ya usafi msimamizi alikwisha kumfukuza binti tangu mwezi wa tatu, alipomkuta akiongea na wanawake. "Wewe nenda kasome. Mimi nawaendea."

Alianza na karani wa maadili, ghorofa ya kwanza. Karani hakumwamkia, ingawa alikuwa rika la mwanawe.

"Mzee, bomba letu zima. Hatujaita fundi."

"Sikuja kwa bomba. Nimekuja kwa maadili."

Karani aliinua macho. Inaonekana si wengi waliofika pale kwa ajili hiyo.

Fundi aliweka orodha mezani. "Hawa unaosema hawajathibitishwa, nawajua wote. Huyu wa saba ndiye aliyepiga deki hapa leo asubuhi. Sakafu bado mbichi. Wewe mwenyewe umeruka maji ukiingia."

"Sibishi. Ila fomu inataka mwajiri aseme: ndiyo, hawa ni wangu."

"Walichosema humo ndani ni malalamiko juu ya mwajiri. Sasa mwajiri huyohuyo ndiye aseme kama waliolalamika wapo?"

"Ndiyo utaratibu."

"Kautunga nani?"

"Kamati."

"Hiyo kamati inakaa wapi, nikaisalimie?"

"Mzee, utaratibu huu ni wa kuwalinda akina mama haohao. Asije mtu akawasingizia maneno."

"Mmewalinda kweli," fundi alisema. "Mmempa fisi ufunguo wa bucha ili nyama isipotee."

Karani akatazama saa ya ukutani, akamwonyesha kwa kidevu. Saa nne kasorobo.

Kampuni ya usafi ilipewa chumba chini ya ngazi, pembeni ya pampu ya maji, mahali ambapo dawa ya kuulia vijidudu inakukaba koo kabla hujabisha hodi. Msimamizi wake wanawake walimwita Kalamu Nyekundu, maana hakuwa na kalamu nyingine. Ukichelewa, nyekundu. Ukiugua, nyekundu. Ukifiwa, nyekundu, na wewe ndiye utakayeeleza marehemu alikuwa na haraka gani.

Alimpokea fundi kwa bashasha, wakidhani wote wawili kwamba jambo ni dogo. Aliipitia orodha kwa kidole. "Simjui. Simjui. Huyu naye simjui."

"Huyu jana ulimfokea ngazini mpaka nikasikia niko juu ya dari."

"Sura naijua. Jina ndilo silijui. Tazama mwenyewe."

Alifungua daftari la mahudhurio. Majina arobaini, yamepigwa kwa mashine, yana namba. Fundi aliyasoma ya ukurasa wa kwanza kwa midomo, maana shule aliiacha darasa la sita. Katika wale kumi na mmoja hakuwemo hata mmoja.

"Hawa ni akina nani, basi?"

Kalamu Nyekundu akavuta kiti. Alieleza bila aibu yoyote, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kampuni ilipoomba kazi hii miaka saba iliyopita ilipeleka chuoni majina arobaini. Yakapimwa afya, yakapigwa picha, yakapita kwenye kamati. Kubadilisha jina moja ni kuanza kamati upya. "Nani ana muda huo? Mtu akiondoka, anakuja mwingine, anaingia kwenye jina."

"Anaingia kwenye jina?"

"Kama sare. Huyu kavua, yule kavaa. Jina ni la kampuni, fundi. Mtu ni wa Mungu."

Fundi alifungua ukurasa wa pili, si kwa kutafuta kitu, ila mikono ilitaka kazi. Namba ishirini na tatu. Jina la mkewe. Yote matatu: lake, la baba yake, la babu yake, halina herufi iliyokosewa. Mbele yake tiki ya leo, saa kumi na mbili kasoro dakika tano alfajiri. Kawahi. Jana pia kawahi. Ijumaa iliyopita alichelewa dakika nane, akapigwa nyekundu.

Mkewe aliuawa na figo miaka minne iliyopita. Kampuni haikuleta mtu mazikoni. Ilimleta siku ya tatu, kaburi halijakauka, kudai sare na kitambulisho. Fundi aliifua ile sare kwa mikono yake, akaipiga pasi, akaikunja, kwa kuwa aliona aibu mkewe arudishe nguo chafu.

"Huyu amekufa," alisema.

"Najua. Pole sana."

"Miaka minne, ndiyo unanipa pole leo?"

"Si tumekutana leo?" Kalamu Nyekundu akashusha sauti. "Sikiliza, fundi. Mwanao anataka muhuri, mimi nataka amani. Tunaandika orodha mpya. Kila mmoja wa hawa naweka jina analovaa. Huyu wa saba anavaa ishirini na tatu. Napiga muhuri, binti anapata shahada, mambo kwisha."

"Na nikipeleka daftari hili juu?"

"Juu kwa nani? Walioyapitisha majina ndio hao walio juu. Halafu kesho asubuhi hao kumi na mmoja wako hawana kazi, na hata barua siwapi. Nitamwandikiaje barua mtu asiyekuwepo?"

Fundi alisimama pale, pampu ikinguruma ukutani. Alitaka kumpiga na spana. Alitaka pia muhuri. Akauchukua muhuri. Mtu asikudanganye kwamba mnyonge huchagua kati ya zuri na baya. Anachagua kati ya baya na saa nane.

Mama Mapacha alikuwa anapiga deki ngazi za ghorofa ya pili, akishuka kinyumenyume. Ndiye wa saba. Wanawake wote wa usafi walimwita fundi shemeji, tangu enzi za marehemu, na huyu hakuwahi kumwacha apite bila kumtania.

"Shemeji, ruka pembeni. Viatu vyako hivyo nimevioshea ngazi tangu saa moja."

Hakuruka. Alimwinamia akasoma kitambulisho kifuani. Picha ilikuwa imefutwa makusudi, imekwanguliwa. Jina lilisomeka vizuri.

"Miaka minne unaitikia jina la mke wangu?"

Mama Mapacha aliuegemeza ufagio wa deki ukutani. Utani ulimtoka usoni. "Shemeji, kwani hukujua?"

"Ningejulia wapi?"

"Wewe ni fundi wa hapahapa! Unaingia kila chumba! Sote tulidhani unajua na umesamehe. Tulikuwa tunasema, shemeji ana moyo, angalia anavyotusalimia. Ndiyo maana tukawa tunakuwekea chai."

Fundi alikaa kwenye ngazi, penye maji. Chai ile alikuwa akiinywa kila siku saa nne kwenye kikombe chake maalumu, akidhani ni kwa sababu ya bomba la jikoni kwao alilowatengenezea.

"Kama mlijua mambo yenyewe," alisema, "kwa nini mkampa mwanangu majina ya kweli? Mngempa haya ya daftari, leo asingekuwa na shida."

Mama Mapacha alicheka, lakini si cheko la utani. "Shemeji, tangu niingie hapa hakuna karatasi iliyoniuliza mimi ni nani. Mwanao akaja na karatasi yake, akauliza, jina lako nani mama? Nilitaja mpaka la babu mzaa babu. Wenzangu vilevile. Tulipanga foleni, wewe! Hatukujua kwamba kumbe jina la kweli ndilo litakaloleta balaa."

Fundi akamwonyesha orodha mpya yenye muhuri. Alimweleza yote, pamoja na vitisho vya Kalamu Nyekundu.

"Wenzangu mwanao asiwataje," Mama Mapacha alisema. "Yule wa ghorofa ya tatu ana ujauzito, na mwingine analea wajukuu. Ila mimi aniseme. Mwambie mwanangu aniseme."

"Utafukuzwa."

"Afukuzwe nani, shemeji? Aliyeajiriwa si kafa?" Alichukua ufagio wake. "Halafu mimi nachoka. Nikiumwa natajwa mkeo, nikichelewa natukanwa mkeo. Na mimi siku nikifa, atakayekuja baada yangu ataitwa mkeo. Wewe utakuwa na wake wangapi?"

Alimkuta binti kwenye korido, amekaa sakafuni karibu na mashine ya kutoa nakala, anachezesha midomo kama anayeswali. Alikuwa anarudia maneno ya utetezi wake. Akamkabidhi orodha. Saa ilikuwa sita na dakika kumi.

Binti alisoma mpaka wa saba, akakoma.

"Baba, umemleta mama."

"Nimeleta muhuri!" Fundi alifoka, na wanafunzi wawili wakageuka. "Umeutaka muhuri, muhuri huo hapo! Nifanye nini? Niwasubiri wawe na haya? Hawana! Kanisa wanalo, msikiti wanao, bango la ngumi wanalo mlangoni, haya hawana! Peleka hiyo karatasi, upate yako. Mama yako angekwambia hivyohivyo. Alipiga deki miaka tisa ili wewe usipige."

Binti alilaza kichwa ukutani, akafumba macho. Halafu akauliza, "Mama Mapacha anajua?"

Fundi hakutaka kusema. Lakini uongo nao una uzito, na alikuwa amebeba wa kutosha asubuhi ile. Alimweleza kila neno, hata lile la wake wangapi. Binti akacheka, machozi yakamtoka palepale.

"Cheti cha kifo cha mama kiko wapi?"

Alikuwa nacho. Miaka minne, kila dirisha la ofisi alilosimama walikitaka, nakala mbili zilizothibitishwa, na akirudi wanakitaka tena. Mwisho alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka ndani ya sanduku la vifaa, chini ya koki na utepe wa bomba. Akakitoa. Kilikuwa na alama ya mafuta pembeni.

Wazazi hawaruhusiwi kuingia kwenye utetezi. Fundi hahitaji ruhusa, anahitaji ngazi. Saa nane kasoro dakika tano aliingia na ngazi yake, akaisimamisha kwenye kona, akapanda kutazama bomba la kiyoyozi ambalo kwa kweli lilikuwa linavuja tangu mwaka jana na hakuna aliyewahi kumwita.

Jopo lilikuwa la watu watatu: wazee wawili wenye tai, na katikati mkuu wa idara, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Daktari. Juzi tu alikuwa ametoka nchi za mbali kwenye mkutano wa kazi zenye staha kwa wanawake, na begi la mkutano lilikuwa mezani, jipya. Karani wa maadili aliketi pembeni kuandika kumbukumbu.

Binti alizungumza vizuri. Fundi hakuyajua maneno mengine, lakini alijua alipofika kwenye kituo cha mafuta, kwenye mwanamke anayekaa bila kunywa maji tangu alfajiri mpaka jioni ili asibanwe. Alijua kwa kuwa mkewe naye hakuwa mnywaji wa maji. Yeye alikuwa akimtania kwamba ameoa ngamia.

"Ahsante," alisema Daktari. "Kazi nzuri. Na naona orodha imethibitishwa. Tulikuwa na wasiwasi."

"Imethibitishwa, Daktari. Wote kumi na mmoja. Naomba jopo litazame wa saba."

Akaweka cheti kando ya orodha.

"Huyu wa saba ni mama yangu mzazi. Alizikwa miaka minne iliyopita. Muhuri huu unasema nilimhoji mwezi wa tatu mwaka huu, na daftari la kampuni linasema leo alfajiri ameripoti kazini. Mwanamke niliyemhoji ana jina lake, nilileta, mkalikataa kwa sababu halimo kwenye daftari. Yeye ndiye aliyefuta meza hii mliyoegemea. Ameniruhusu kusema hayo."

Fundi alishika bomba la kiyoyozi kwa mikono miwili. Matone yalisikika yakigonga ngazi.

Mzee mmoja alikohoa. "Hili sasa ni jambo la utawala. Sisi tuko kwenye taaluma."

"Liahirishwe," alisema wa pili. "Lipelekwe kwenye kamati."

"Kamati ipi?" Daktari aliuliza, halafu akaonekana kujuta kuuliza, maana mwenyekiti wa kamati ile alikuwa yeye. Alivua miwani. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliomchoma fundi kuliko matusi yote ya asubuhi. "Binti yangu, sikiliza. Watu kumi wanatosha kwa utafiti wa ngazi yako. Mtoe wa saba. Mtoe tu, na mimi nakupitisha leo hii, kwa alama nzuri. Mambo mengine tutayashughulikia kimyakimya, kwa njia zake."

Fundi alimtazama mwanawe kutoka juu ya ngazi. Moyoni alikuwa anamwambia: mtoe. Alikuwa anamwambia pia: ole wako umtoe. Asingeweza kuapa ni lipi lililopiga kelele zaidi.

Binti aliichukua orodha, akaitazama muda mrefu, akairudisha mezani palepale ilipokuwa.

"Mama yangu nilishamzika, Daktari. Huyu mwingine yuko hai. Siwezi kumzika naye."

Nje, ndoo ilisikika ikiburutwa koridoni, ikasimama mlangoni. Mzee wa kwanza alitazama begi la mkutano. Wa pili alitazama saa. Daktari alishika cheti kwa ncha za vidole, akasoma tarehe, akasoma tena.

Karani alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa na kalamu hewani na ukurasa umefika katikati, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kama mtu ambaye fomu yake haimsaidii.

"Samahani, Daktari," alisema. "Ni ya kumbukumbu tu. Huyu wa saba, niandike yupo, au hayupo?"